Mcheza Kwao Hatunzwi

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufundishwa shuleni, hutajwa arusini, na hurudiwa na wasemaji wa mikutano kila ifikapo saa ya kugawa zawadi. Walakini iko nchi, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ambako methali hii yasemwa sana na kutendwa kidogo. Katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, uko mchezo wa mashindano ya mitumbwi, mchezo wa nguvu na uvumilivu unaojulikana katika mikoa yote ya ziwa. Wachezaji wake hutunzwa siku moja na kusahauliwa siku ya pili. Wale waliouwezesha mchezo kuwapo, yaani mafundi walioviunda vyombo, manahodha waliowafundisha vijana, na wanawake walioipita miiko ili washike kafi, hawatunzwi hata siku hiyo moja. Kusudi la insha hii ni kuonyesha kwamba deni hili haliwezi kulipwa kwa kikombe, wala kwa fedha, wala kwa hotuba. Litalipwa kwa kuliandika jina la mtu pamoja na kazi aliyoifanya. Na wadaiwa wa kwanza ni watu wenye kalamu.

Yafaa kwanza mchezo wenyewe uelezwe, kwa sababu msomaji aliyelelewa pwani ya bahari aweza kuulinganisha na resi za ngalawa, na msomaji wa bara aweza kudhani kuwa ni pumbao la sikukuu. Ngalawa hutegemea tanga, na hodari wake ni yule ajuaye kuutumia upepo. Mtumbwi wa mashindano ya ziwani hautegemei tanga wala mashine. Nguvu yake yote yatoka katika mabega, migongo na mapafu ya watu waliomo. Wapigaji hukaa pande mbili za chombo, na nyuma kabisa hukaa nahodha mwenye kafi la kukiongoza. Hapa pana jambo la lugha linalostahili kuangaliwa na wanafunzi wa Kiswahili. Watu wa ziwani husema kwamba wanapiga kasia, lakini kitu kilichomo mikononi mwao, kwa Kiswahili cha pwani, ni kafi. Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, na mpigaji huupa mgongo upande aendako. Kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kuegemezwa popote, na mpigaji hutazama mbele. Kwa hiyo uzito wote wa maji huchukuliwa na mwili wa mtu, pigo kwa pigo, tangu mwanzo hata mwisho.

Mbio fupi za miguu humalizika kabla mkimbiaji hajajua kama amechoka. Mchezo huu humngoja mtu achoke, kisha ndipo uanzapo kumpima. Mpigaji mmoja akichelewa kidogo, kafi lake hugongana na la mwenzake, chombo huyumba, na kazi ya wote hupungua. Hodari hawezi kushinda peke yake, wala mvivu hawezi kujificha. Wimbo ndio saa yao. Mapigo hufuata sauti, na sauti hufuata pumzi. Nahodha hulazimika kujua ni lini awaachie watu wake nguvu yote, na ni lini awazuie ili wasiishiwe katikati ya njia. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa wiki moja ya mazoezi. Hurithiwa kwa mkubwa aliyekwisha kuupata kwa miaka, naye hufundisha kwa kukaripia, kwa kuonyesha, na kwa kukaa chombo kimoja na mwanafunzi wake.

Mchezo huu haukuletwa na kampuni wala na serikali. Ulizaliwa na kazi. Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na Wilaya ya Muleba imeenea mpaka ndani yake: Bumbire, Goziba, Ikuza na Kerebe ni visiwa vyenye watu, na mbele ya mji wa Bukoba chaonekana kisiwa cha Musira. Kabla ya mashine kuenea, mtu wa kisiwani aliyetaka kwenda sokoni, hospitali, arusini au mazikoni alikwenda kwa nguvu ya mikono. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kwenda ziwani, na mchana upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu. Aliyezijua saa hizi alisafiri kwa nusu ya taabu, na asiyezijua alipigana na mawimbi njia nzima. Vijana waliporudi kutoka kuvua walishindana kuufikia mwalo. Ushindani huo wa kila siku, uliokuwa hauna mwamuzi wala zawadi, ndio mama wa mashindano yanayopigiwa ngoma leo.

Watu hawa waliwahi kuandikwa katika vitabu vya dunia, na namna walivyoandikwa ni fundisho kubwa. Mwezi Aprili 1875, Henry Morton Stanley alifika Bumbire kwa mashua yake, akitafuta chakula. Kwa maelezo yake mwenyewe, wenyeji waliivuta mashua mpaka nchi kavu, wakayachukua makasia yake, na watu wake walipookoka walilazimika kung'oa mbao za chini ya mashua na kuzitumia kusukumia maji. Mwezi Agosti mwaka ule ule alirudi na kundi la mitumbwi iliyopigwa na watu wa Buganda, akasimama mbali na ufuko, akaamuru bunduki zipigwe juu ya watu waliokuwa na mikuki, pinde na mawe. Wengi waliuawa. Kitendo hicho kililaumiwa hata Uingereza. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1878 kilisomwa pande zote za dunia, na ndani yake wapiga makafi wa Bumbire wamesimama kama washenzi wenye kelele. Hakuna kitabu cha upande wao kilichotoka mwaka ule kumjibu. Hayo ndiyo malipo ya watu wasiojiandika wenyewe: habari zao huandikwa na adui zao, na adui hana haja ya kuuliza fundi wa mtumbwi aliitwa nani.

Wala mtu asiseme kwamba kutunza majina ni desturi ya kigeni iliyoletwa na Wazungu. Wahaya walikuwa na njia zao za kumheshimu mtu, na zilikuwa njia za maneno. Shujaa alisimama mbele ya Mukama na kujigamba kwa maneno ya fahari, akitaja nasaba yake na matendo yake; tungo hizo huitwa ebyebugo. Palikuwa pia na waimbaji wa enanga, zeze la mbao lenye nyuzi, walioghani tendi ndefu za wakuu na mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliufanyia utafiti mkubwa ushairi huo, na mwaka 1983 alichapisha makala ya kuuliza kama waimbaji wa enanga ni wasanii wa tendi, akithibitisha kuwa ndio. Katika desturi ile sifa haikuwa makofi ya dakika moja. Ilikuwa na umbo, ilikuwa na mtunzi, na ilikaa katika vichwa vya wasikilizaji mpaka ikarithiwa na watoto wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 utawala wa machifu ulifutwa katika Tanganyika. Hapana haja ya kuulilia utawala ule. Ulikuwa na dhuluma zake, na sifa ilimwendea mara nyingi mwenye cheo kuliko mwenye kazi. Lakini baraza ambalo mtu alisimama ndani yake na matendo yake yakatajwa kwa jina liliondoka pamoja na kiti cha chifu, na hapakuwekwa baraza jingine mahali pake. Pakabaki pengo. Mahali penye pengo hapakosi wa kupajaza, na hapa palijazwa na mdhamini.

Kwa miaka mingi mashindano makubwa ya mitumbwi ya mikoa ya ziwa yalijulikana kwa jina la bia. Watu wa Bukoba walishindana kwao, wa Mara na wa Ukerewe kwao, kisha washindi wakakutana Mwanza, na jina lililoandikwa juu ya mabango na fulana lilikuwa Balimi. Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jina hili bila kusimama. Katika lugha za nchi zile maana yake ni wakulima. Basi wavuvi wameshindana, wamelowa, wamechubuka viganja, na jina lililoinuliwa juu ya kazi yao ni la kinywaji, na kinywaji chenyewe kimepewa jina la watu wa jembe. Katika ngazi zote hizo mbili mwenye kafi hakutajwa.

Haki yataka isemwe kwamba mdhamini hakuiba kitu. Alitoa fedha pale ambapo wengine walitoa maneno, na bila fedha zake vijana wengi wa visiwani wasingalipata siku ya kuonekana. Ashukuriwe kwa kiasi cha alichotoa. Lawama yenyewe yawahusu waliomwachia peke yake kazi ya kuamua ni jina gani litakalokumbukwa. Kampuni hukumbuka bidhaa yake; hiyo ndiyo kazi yake, nayo huifanya vizuri. Kumkumbuka mtu ni kazi ya jamii, na jamii haiwezi kumwajiri muuza bia aifanye kwa niaba yake.

Itazamwe desturi ya habari za mashindano zinavyotangazwa. Mgeni rasmi hutajwa kwa cheo chake na majina yake yote. Mdhamini hutajwa. Kiasi cha fedha hutajwa mpaka shilingi ya mwisho. Kisha, kama nafasi imebaki, husemwa kwamba kundi la mahali fulani limekuwa la kwanza. Nani katika wasomaji wa kurasa hizi awezaye kumtaja fundi mmoja aliyeunda mtumbwi uliopata ushindi? Nani amtajaye nahodha mmoja wa Musira au wa Goziba aliyewafundisha vijana mpaka wakashinda? Kama kimya ndicho jibu, kimya hicho ni ushahidi tosha.

Wako watakaoyapinga maneno haya, na hoja zao hazistahili kudharauliwa. Wa kwanza husema kwamba kupiga kafi si mchezo, ni riziki. Mvuvi hupiga kafi kwa kuwa ataka samaki, na hapaswi kuheshimiwa kwa jambo ambalo njaa ingemlazimisha kulifanya hata hivyo. Hoja hii yasahau kwamba michezo mingi ya uvumilivu ilizaliwa na riziki. Mjini London, tangu mwaka 1715, hufanyika mashindano ya vijana waliojifunza kazi ya kuvusha abiria katika mto Thames. Walikuwa watu wa kazi, waliolipwa kwa safari, na mikono yao ilikuwa migumu kama ya mvuvi wa Bumbire. Mwigizaji wa tamthilia aliyeitwa Thomas Doggett aliwawekea zawadi ya koti jekundu na beji ya fedha, na mpaka leo mashindano yale yaitwa kwa koti na beji ya Doggett. Aliyeusaidia mchezo wa wachukuzi wa mtoni amekaa katika jina lake kwa zaidi ya miaka 300. Hakuna aliyesema kwamba riziki yaharibu heshima.

Wa pili husema kwamba mshindi amekwisha kupata zawadi yake, na zawadi ndiyo heshima. Huku ni kuchanganya mambo mawili. Zawadi hulipa jasho la siku ile. Heshima huwaambia watu wa kesho kwamba jasho lile lilikuwapo. Tena zawadi humfikia yule tu aliyetangulia, na mchezo haukui kwa mikono ya aliyetangulia peke yake. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika mbio za marathoni, akaumia, akafungwa bendeji mguuni, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa 57 na wa mwisho katika waliomaliza. Hakupata medali ya mashindano. Lakini kamera zilikuwapo, kalamu zilikuwapo, habari yake ikaenea dunia nzima, na mwaka 1983 taifa lake likampa nishani ya shujaa. Huo ni uthibitisho kwamba Watanzania wajua vema jinsi ya kumheshimu mtu ambaye hakushinda. Lakini miaka 15 ilipita katikati, na bila habari iliyokwisha kuandikwa haijulikani kama nishani ingalimkuta.

Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Yeye na aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa 2 na dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu ndogo mno ya sekunde. Yafikiriwe: mkimbiaji ana saa inayohifadhi hata kipande kile cha muda kisichoonekana kwa macho, na mpiga kafi hana hata daftari linalohifadhi jina lake.

Wa tatu hushika methali: tenda wema uende zako. Husema kwamba fundi wa kweli na mwalimu wa kweli hawatafuti sifa. Hapana shaka hawaitafuti. Lakini methali ile ni nasaha kwa mtenda wema. Si ruhusa kwa aliyetendewa. Kumwambia mtoaji aende zake ni hekima, na mpokeaji naye kujiendea zake bila shukrani ni utovu wa adabu. Aitumiaye methali ya mtoaji ili kuufunika uchoyo wa mpokeaji ameigeuza hekima kuwa kifuniko.

Wa nne huogopa husuda. Husema kwamba mtu hai akisifiwa mbele ya jirani zake atachukiwa, na kwamba ni salama zaidi kumsifu mazikoni. Husuda ipo, na katika visiwa vidogo ambamo kila mtu amjua mwenzake ina makali. Lakini husuda hulishwa na sifa ya upendeleo, ile itolewayo kwa mtu mmoja bila sababu kutajwa. Sifa iliyoandikwa pamoja na kazi, mbele ya mashahidi, na kugawiwa kila mwenye sehemu yake, huiondolea husuda chakula. Na kuhusu sifa za mazikoni, yatosha kusema kwamba maiti hajawahi kumfundisha mtu kupiga kafi.

Hoja hizi nne zaonyesha kwamba kinachokosekana ni mazoea, si sababu. Na gharama ya mazoea haya mabaya imekwisha kuonekana. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliangukia majini karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo. 19 walikufa, na 24 walitoka hai. Waliofika kwanza kuwasaidia ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Siku ile taifa lote liligundua kwamba ukingoni mwa ziwa wako watu wajuao kukisogeza chombo kidogo kwa haraka, wakiwa wengi na bila kuvurugana, mahali penye hatari. Kijana mvuvi mmoja alisifiwa kote, akapewa fedha na kufunguliwa mlango wa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa heshima njema. Lakini wenzake waliokuwa majini asubuhi ile hawajulikani kwa taifa, na waliowafundisha wote hao kukaa chomboni hawajulikani kabisa. Tena ujuzi ulioonekana siku ile ulikuwapo siku zote. Ni aibu kwa nchi kuutambua ujuzi wa watu wake siku ya msiba peke yake.

Mahali pa kwanza pa heshima pastahili kupewa fundi. Kabla ya misumari kuenea, vyombo vikubwa vya ziwa hili vilishonwa: mbao zilitobolewa, zikaunganishwa kwa nyuzi za mimea, na nafasi zikazibwa ili maji yasiingie. Leo hupigiliwa misumari na kuzibwa kwa kalafati, lakini jicho la fundi ni lile lile. Mkuku ukipinda kidogo, chombo huvuta upande, na hakuna nguvu ya wapigaji itakayokinyosha. Mataruma yakizidi uzito, watu huchoka kabla ya nusu ya njia. Mashindano huamuliwa kwa sehemu katika uwanja wa fundi, mbali na ngoma na mabango, na siku ya zawadi fundi husimama nyuma ya umati kama mtazamaji.

Mahali pa pili ni pa wanawake. Katika mialo mingi ya ziwa ilikuwapo miiko iliyomkataza mwanamke kupanda mtumbwi wa kuvulia. Ilisemwa kwamba angeleta mkosi. Walakini mashindano yalipoweka sehemu ya wanawake, walijitokeza, wakakaa chomboni mbele ya watu wale wale waliowaambia kuwa wao ni mkosi, wakapiga kafi, na samaki hawakukimbia ziwa. Mwanamume aliyeingia katika mashindano alipigana na maji. Mwanamke alipigana na maji na maneno. Waliotangulia kufanya hivyo waliupanua mchezo maradufu kwa siku moja, na majina yao yafaa kujulikana kwa kila msichana wa Muleba aliye shuleni.

Mahali pa tatu ni pa walimu, yaani manahodha wazee. Hawa ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kupotea. Mashine zimeenea ziwani, na kijana wa leo aweza kuwa mvuvi bila kujua kupiga kafi kwa mwendo mrefu. Hapana ubaya katika mashine. Huokoa muda na maisha. Lakini kazi iliyokuwa ikiuzaa mchezo yapungua, na mchezo usiozaliwa tena na kazi hauna budi kulelewa kwa mafundisho. Wenye mafundisho ni wachache, nao wamezeeka.

Basi nini kifanywe? Jambo la kwanza ni dogo na halina gharama kubwa: daftari la mwalo. Kila siku ya mashindano yaandikwe jina la chombo, jina la fundi aliyekiunda, jina la nahodha, majina ya wapigaji wote pamoja na mahali walipokaa, urefu wa njia, hali ya upepo, na muda. Mashindano ya mashua ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge yalianza mwaka 1829, na mtu aweza leo kuyasoma majina ya waliokaa katika mashua za mwaka ule. Hakuna muujiza katika jambo hilo. Palikuwa na mtu mwenye kalamu na karatasi, na baada yake mwingine.

Jambo la pili ni kuvipa vikombe majina ya watu. Mdhamini aweza kuendelea kudhamini na bidhaa yake ikatangazwa, lakini kikombe chenyewe kiitwe kwa jina la fundi au mwalimu aliyechaguliwa na watu wa mialo, na sababu ya kuchaguliwa isomwe hadharani kabla ya mbio kuanza. Jambo la tatu lawahusu viongozi wa michezo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kuendeleza michezo katika nchi nzima. Nchi nzima ni pamoja na maji yake. Watoa heshima za taifa wanapowahesabu waliokuza michezo, wahesabu pia waliofanya kazi bila uwanja, bila filimbi na bila jezi.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote, na lawahusu wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu. Vijana wa Kagera huenda vyuoni kila mwaka, wakajifunza nadharia za fasihi simulizi, wakaandika tasnifu juu ya tungo zilizokwisha kuchapishwa na watu wengine. Wakati huo huo nyimbo za wapiga makafi, majina ya sehemu za chombo kwa Kihaya na kwa Kiswahili cha ziwani, majina ya pepo, na maneno ya nahodha anapowaamuru watu wake, yote hayo yangoja mwaloni bila mwandishi. Kamusi za Kiswahili zimejaa maneno ya bahari, kwa kuwa waliozitunga walisikiliza pwani. Neno mwalo lenyewe ni zawadi ya lugha za ziwani kwa Kiswahili. Hapana shaka yako mengine mengi yaliyobaki nje ya mlango. Likizo moja, mwanafunzi mmoja, mwalo mmoja: kwa hesabu hiyo miaka mitano yatosha kupata kitabu ambacho hakijapata kuwapo.

Kazi hiyo ifanywe kwa uangalifu. Heshima ikianza kuandikwa, watakuja na wasiostahili. Mwenye fedha atataka aandikwe kuwa mwalimu, na mwenye cheo atataka babaye awe fundi. Kwa hiyo kila jina lithibitishwe na mashahidi wawili wasio wa ukoo mmoja na mwenye jina, na kila sifa iambatane na tendo: chombo gani aliunda, vijana gani aliwafundisha, mashindano ya mwaka gani. Sifa isiyo na tendo ifutwe bila kuonea haya mtu yeyote. Daftari la uongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari, kwa sababu humnyima mtu haki yake mara mbili, kwanza kwa kumsahau, kisha kwa kumpa mwingine nafasi yake.

Yamkini atatokea mtu aseme kwamba nchi ina haja kubwa kuliko hizi: barabara, dawa, maji safi. Ni kweli, na hakuna aombaye barabara igeuzwe kuwa daftari. Kalamu ya mwanafunzi haipunguzi saruji ya barabara. Watu wa visiwani watapata daraja na hospitali siku ambayo watahesabiwa kuwa watu wenye majina na kazi. Na wale wasiotajwa katika furaha ya nchi yao hawakumbukwi upesi katika mipango yake.

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Hawakusema atatunzwa na mgeni, wala na muuza kinywaji, wala na kamera iliyopita njia. Walisema kwao. Kwao wapiga makafi ni Musira, Bumbire, Goziba, Ikuza na Kerebe, ni Bukoba na Muleba, na ni kila darasa la Kiswahili ambamo yumo mtoto wa nchi zile mwenye daftari tupu. Wazee wangali hai, na mbao zao zingali majini. Aende mtu akawaulize nani aliunda chombo hiki, nani aliwafundisha hawa, na majibu ayaandike.